Neno "Sana" na Watu wa Bandarini

Mtu akiulizwa ni maneno gani ya Kiswahili anayoyapenda, hatataja neno "sana". Atataja "subira", au "utu", au pengine jina la mtu wake wa karibu. Hata hivyo ni maneno machache yanayotoka vinywani mwetu mara nyingi kuliko hilo. Tunashukuru sana, tunampa pole sana aliyefikwa na msiba, tunalalamika kuwa nyanya zimekuwa ghali sana. Mgeni anayeshuka leo Dar es Salaam atakuwa amelijua kabla jua halijachwa. Katika kurasa hizi nataka kueleza kwamba neno hili dogo lina historia, na kwamba sehemu ya historia hiyo imeanza kutuponyoka. Jambo hilo si la wataalamu wa lugha peke yao. Linaweza kuwafanya babu na mjukuu wasisikizane ndani ya nyumba moja.

Dar es Salaam si mji mkongwe kama Kilwa au Bagamoyo. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo watu waliokusanyika bandarini na kando yake hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Walikuwapo Wazaramo na Washomvi, ambao ndio wenyeji, pamoja na Wanyamwezi, Wamanyema, Wahindi wa Kigujarati na Waarabu wa Hadhramaut. Baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916, walikuja pia wapagazi wa kijeshi wa makabila mengi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, wananchi walilitamka kwa namna yao, na ndilo lililoupa mtaa wa Kariakoo jina lake.

Mtu aliyefika mjini kwa njia hiyo hakujifunza Kiswahili kwa kuanza na ngeli za majina. Alikianza na kamba mkononi au mzigo kichwani. Kabla ya gati za kwanza za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, shehena ikashushwa kwenye matishari, na matishari yakavutwa hadi ufukoni ambako wachukuzi walingoja. Katika kazi kama hiyo hapana nafasi ya maelezo marefu. Amri iwe fupi, na aliyefika jana kutoka bara aielewe sawa na aliyezaliwa Gerezani.

Hapo ndipo "sana" lilipofanya kazi yake kubwa. Ukiambiwa "vuta sana", maana yake uvute kwa nguvu. "Shika sana" ilimaanisha ushike uthabiti, usiachie. "Kimbia sana" ilikuwa kukimbia kwa kasi, "kaa sana" kukaa muda mrefu, na "sema sana" kusema kwa sauti kubwa. Neno lilikuwa moja, lakini kitendo kilicholitangulia ndicho kilichoamua ni kipimo gani kinachotakiwa: nguvu, kasi, muda au sauti. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa "polepole". Ukiambiwa ushushe polepole, ulipunguza mwendo; ukiambiwa useme polepole, ulipunguza sauti. Kwa maneno hayo mawili mtu aliweza kuongoza kazi nzima, akilipandisha jambo kwa moja na kulishusha kwa jingine.

Haya si masimulizi ya vibarazani tu. Wageni walioandika kamusi walilikuta neno hili katika hali hiyo hiyo, nao wakaliandika. Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, A. C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Ukisoma kazi hizo utaona kwamba wenyewe hawakulifunga "sana" katika maana ya wingi. Walilichukua kuwa neno la kukoleza, ambalo maana yake hubadilika kwa kufuata neno linaloandamana nalo, na kusema kwa sauti kulikuwa mojawapo ya matumizi yake ya kawaida.

Kisha Kiswahili kikaingia darasani kwa utaratibu mpya. Mkutano wa elimu wa mwaka 1925 uliofanyika hapa Dar es Salaam ulizungumzia haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha shule. Mwaka 1928 huko Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wake, na mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Baada ya uhuru tukapata BAKITA mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kazi hiyo ilitupa lugha ya kufundishia watoto kutoka Mtwara hadi Bukoba, na mimi niliyefundisha shuleni na katika chuo cha ualimu ni shahidi wa faida zake. Lakini darasa hupenda kila neno liwe na kisanduku chake. "Sana" likawekwa katika kisanduku cha vielezi vya kiasi, na mifano ikawa "mtoto anakula sana" na "nyumba ni nzuri sana". Kwa upande wa sauti tukapata "sema kwa sauti", na kwa upande wa nguvu tukapata "vuta kwa nguvu". Matumizi ya zamani hayakukatazwa na mtu. Yaliacha tu kutajwa, na neno lisilotajwa darasani huanza kuzeeka pamoja na wale wanaolisema.

Aliyenifanya nilitazame jambo hili upya ni kijana mmoja kutoka Korea ya Kusini. Wakorea si wageni tena katika mji wetu. Daraja la Tanzanite, ambalo magari yalianza kulipita mwaka 2022, lilijengwa kwa mkopo wa nchi yao. Kijana huyu alikuwa mtu wa kujitolea, akaja kwangu kujifunza Kiswahili nyakati za jioni. Alikuwa mwepesi wa kushika maneno, lakini "sana" lilimtatiza. Alikuwa akisema "sokoni kuna watu sana". Nikamweleza kwamba watu huwa wengi, na kwamba "sana" huongeza nguvu ya wengi hao: watu wengi sana. Yeye akanieleza chanzo cha tatizo. Katika Kikorea kuna kielezi kinachotamkwa "mani". Kielezi hicho hutumika watu wakija wengi, mtu akila sana, na hata kichwa kikiuma sana. Mwenye nyumba akimkaribisha mgeni mezani humwambia ale "mani". Lakini ukitaka mtu apaze sauti, "mani" haifai. Huko husema "keuge", neno linalotokana na ukubwa, kwa hiyo mtu huombwa aseme kwa ukubwa. Wenzetu, basi, wana neno moja la wingi na jingine la sauti.

Siku moja nilikwenda naye kumjulia hali mzee jirani yangu. Mzee huyo alianza kazi ya matishari akiwa kijana, baadaye akawa karibu na winchi kwa miaka mingi, na masikio yake yamebaki huko huko kwenye winchi. Kijana akainama akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema sana."

Kijana akanitazama, kisha akaanza kusema habari zake. Alieleza kwao ni wapi, wazazi wake wanafanya kazi gani, safari yake ilichukua saa ngapi, yote kwa sauti ile ile ndogo ya adabu. Mzee akasogeza kiti. "Sema sana, baba!" Kijana akaongeza habari za wadogo zake na za baridi ya kwao.

Mjukuu wa mzee, binti aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa akileta chai. Akacheka. "Babu, mgeni amekwisha sema sana. Mwache anywe chai."

Mzee akamgeukia. "Nimemwambia aseme sana. Sikumwambia aseme mengi."

Kijana wa Kikorea ndiye aliyeelewa kwanza. "Keuge!" akasema, na safari hii alisema kweli kweli, hata mzee akatabasamu. Yule binti alisimama na birika mkononi. Aliponisindikiza mlangoni aliniambia neno ambalo sikulitarajia. Kwa muda mrefu, kila alipomweleza babu yake jambo, babu alimjibu "sema sana". Yeye aliyachukua maneno hayo kuwa kejeli, kama mtu anayeambiwa aendelee tu kupayuka. Basi akajizoeza kunyamaza mbele yake. Mzee alikuwa akiomba apaziwe sauti, na kila alipoomba alipewa kimya. Nyumba ni moja na lugha ni moja, tena wote wawili wamezaliwa Dar es Salaam.

Sisemi kwamba lugha ibaki pale pale ilipokuwa wakati wa matishari. Maneno ya kukoleza huchakaa kuliko maneno mengine, na hilo liko duniani kote. Neno la Kiingereza "very" lilianza kwa maana ya "kweli", likitokana na Kifaransa cha kale. Wakorea nao wana "neomu", ambalo ni ndugu wa "mno" letu: kwa kanuni zao lilikuwa la jambo lililopita mpaka kwa ubaya, lakini watu wakalitumia hata kusifu, mpaka mwaka 2015 taasisi yao ya lugha ya taifa ikayakubali matumizi hayo. "Mno" letu limepita njia hiyo hiyo. Lilikuwa onyo kwamba jambo limezidi. Leo mtu humwambia mwenzake kuwa amefurahi mno, na hapana anayeona ubaya.

Nenda Kariakoo uone jinsi uchakavu huo unavyokwenda mbio. Muuzaji anayesema bei yake ni nafuu sana hasimamishi mtu. Vijana wamelipita "sana" zamani: nguo ni kali balaa, bei ni poa kinoma, viatu ni vizuri hatari. Juu ya maneno hayo kuna vipaza sauti vidogo vinavyorudia tangazo moja kutwa nzima. Maneno yakipoteza uzito, watu huongeza sauti; na sauti zikiwa nyingi, hakuna anayesikiwa. Wazee walilionya hilo waliposema kuwa ngoma ikilia sana hupasuka. Hata methali hiyo sasa imepata maana mbili. Wanafunzi wengi hueleza kuwa ni ngoma inayopigwa mara nyingi. Waliocheza ngoma hizo wanajua kuwa ni ile inayopigwa kwa sauti kubwa kupita uwezo wa ngozi yake.

Kwa walimu wenzangu ambao bado wanashika chaki nina ombi dogo. Mnapofundisha vielezi, ongezeni mfano mmoja wa "vuta sana" na mmoja wa "sema sana", mkieleza kwamba hivyo ndivyo babu zetu walivyosema. Halitachukua zaidi ya dakika tano za kipindi. Na kwa kila mwenye mzee nyumbani, akikuambia neno likakuudhi, muulize kwanza anakusudia nini. Huenda halikuwa tusi wala kejeli, bali ni Kiswahili kilichomtangulia mwenzake darasani. Waliojifunza "sana" kwa kamba mkononi wamebaki wachache, na masikio ya wengi wao yamechoka. Tukitaka kuwauliza, itatubidi tuseme sana.