Mishipa ya Moyo Shinyalu Kabla ya Mafuta ya Kopo

Ateri husafirisha damu kutoka moyoni. Ukuta wake wa ndani ukidhuriwa na shinikizo la damu, kisukari au moshi wa tumbaku, lehemu hupenya na kurundikana humo kwa miaka mingi, na njia ya damu hupungua. Rundo hilo likipasuka, damu huganda juu yake na kuiziba ateri. Zikizibwa ateri za moyo, hutokea mshtuko wa moyo. Za ubongo, kiharusi.

Shinyalu, nchi ya Waisukha kando ya msitu wa Kakamega, zamani ilikula mafuta kidogo. Ugali ulikuwa wa wimbi na mtama, ukiliwa kwa mrenda, mitoo, saga au kunde. Kuku alichinjiwa mgeni. Nyama ya ng'ombe ilisubiri matanga na sherehe. Mboga zililainishwa kwa musherekha, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya mimea, yenye potasiamu kwa wingi. Shamba lililimwa kwa jembe la mkono, na safari ilikuwa ya miguu.

Ushahidi wa kitabibu wa enzi hiyo unatoka kwa majirani. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyehudumu Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Hakutambua pia mgonjwa yeyote wa kukakamaa kwa ateri. Mwaka 1960 ulichapishwa uchunguzi wa maiti 632 za Uganda na 632 za St. Louis, Marekani, zilizolinganishwa kwa umri na jinsia. Ishara za mshtuko wa moyo zilionekana kwa Waamerika 136, na kwa Mganda mmoja tu. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba Waafrika waliepuka maradhi haya kwa kuwa walikufa mapema.

Wakati huohuo maisha yalikuwa yakibadilika. Kodi ya serikali ya kikoloni iliwasukuma vijana kwenye kazi za mshahara. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, migodi ilifika karibu na nyumbani. Mahindi yaliisukuma wimbi kando. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973. Madukani yakaja mafuta ya kopo na chumvi ya pakiti. Mandazi na chapati vikawa vya kila siku, na bodaboda ikachukua nafasi ya miguu.

Athari ya mageuzi ya namna hii ilipimwa kwa Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha shinikizo lao likipanda muda mfupi baada ya kuhama, huku sodiamu katika chakula chao ikiongezeka na potasiamu ikipungua. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni chakula na mazingira. Ndiyo maana kupima shinikizo mapema, kupunguza chumvi na mafuta, kuacha tumbaku na kurudisha mboga za kienyeji mezani ni kinga ya kweli kwa Shinyalu ya leo.