Changamano ya Metali: Kushika, Kuchana, Kufumua

Katika kemia, changamano ya metali ni atomi au ayoni ya metali iliyozungukwa na molekuli au ayoni zinazoipa jozi za elektroni. Hizo zinazoizunguka huitwa ligandi. Wapo wanaoandika "kompleksi", nami sina ugomvi nao. Ila changamano limetufikia kupitia sarufi na hesabu, na mwanafunzi aliyelizoea katika sentensi changamano hudhani linamaanisha kitu kigumu. Kuchangamana ni kuingiliana na kushikana, na hilo ndilo alilolieleza Alfred Werner mwaka 1893: metali katikati, ligandi kandokando, kila moja mahali pake. Nadharia hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Shida huanza pale changamano inapokutana na DNA. (Nasema DNA kwa makusudi, "vinasaba" hutumiwa pia kwa jeni, na hapa tofauti hiyo ina uzito.) Tumezoea kusema metali "inaikata", basi. Lakini chukua sisplatini: platini moja, amonia mbili na kloridi mbili zilizokaa upande mmoja. Michele Peyrone aliitengeneza miaka ya 1840 na hakuna aliyeifikiria kuwa dawa. Miaka ya 1960, Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa elektrodi za platini. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Si umeme wenyewe uliowazuia. Platini ilikuwa imetoka kwenye elektrodi na kuunda changamano za jamii ya sisplatini ndani ya mchuzi wa bakteria.

Katika damu kloridi ni nyingi, kwa hiyo sisplatini hubaki nzima. Ndani ya seli kloridi ni chache. Maji huchukua nafasi yake, na platini hupata mwanya wa kujifunga kwenye naitrojeni za guanini (besi mojawapo ya DNA) mbili zilizo jirani. DNA hupinda hapo, na seli inayotaka kujigawa hukwama. Sisplatini, basi, haikati. Inashika na kupinda, na kwa kazi hiyo imekuwa dawa tangu 1978, ikiwamo kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambapo hutolewa pamoja na mionzi.

Bleomisini ndiyo hasa inayokata. Hamao Umezawa na wenzake waliipata Japani katika bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces verticillus. Yenyewe ni ligandi tu. Hadi ishike ayoni ya chuma na ipate oksijeni ndipo huwa hatari. Hapo hung'oa atomi ya haidrojeni kutoka kwenye sukari ya DNA, sukari ikabomoka na uzi ukakatika. Wagonjwa wengi wa saratani ya Kaposi Afrika Mashariki wameijua dawa hii, mara nyingi ikiambatana na dawa nyingine, vinkristini. Mapafu ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa yana oksijeni tele na kimeng'enya kidogo cha kuivunja dawa hiyo.

Kuna ukataji mwingine, usioharibu sukari. Metali, mathalani zinki, huvuta elektroni za fosfeti inayounganisha sukari za DNA na kuyaandaa maji kuishambulia, nacho kiungo hufunguka. Hii ni hidrolisisi. Napendekeza tuuite kufumua, na ule wa bleomisini, ambao ni wa oksidisho, tuuite kuchana. Mshono uliofumuliwa hushoneka tena: kimeng'enya ligasi huweza kuziunganisha ncha zake. Palipochanika pamepoteza kitambaa chenyewe. Anayetafsiri "kukata" kwa zote mbili anamnyima msomaji habari aliyoihitaji.

Kufumua DNA ni kazi ngumu mno. Bila msaada, kiungo chake kimoja kingedumu mamilioni ya miaka katika maji. RNA ni dhaifu zaidi, kwa sababu sukari yake ina kundi la haidroksili linaloweza kuigeukia fosfeti ya jirani. Ndiyo maana hata ayoni tupu ya risasi, bila ligandi za kifahari, huikata tRNA ya hamira inayobeba fenilalanini mahali pamoja mahususi, kati ya nukleotidi ya 17 na ya 18, palipo na mkunjo unaoikalisha metali karibu na haidroksili hiyo.