Maua Mekundu ya Askari Walemavu

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha Novemba 1918, Uingereza iliwarudisha uraiani askari kwa mamilioni. Walipokuwa mahandakini waliahidiwa mengi. Waliporudi wakakuta foleni za kutafuta kazi. Kufikia katikati ya 1921 wasio na ajira nchini humo walizidi milioni mbili, na wengi wao walikuwa wametoka jeshini. Katika mitaa ya London ungemkuta mtu mwenye nishani kifuani na mguu wake mmoja umebaki Ufaransa, akiuza viberiti na kamba za viatu ili watoto wapate kula. Zaidi ya askari 41,000 walikuwa wamekatwa mkono au mguu.

Pensheni zilikuwepo, ila zilikuwa na masharti. Sheria ya mwaka 1921 ilimpa aliyeumia vitani miaka saba tu tangu aachishwe jeshi awe ameleta dai lake, kana kwamba mapafu yaliyovuta gesi ya sumu yanajua kusoma kalenda. Mjane naye aliweza kunyang'anywa posho akituhumiwa kuwa ni mlevi au anaishi na mwanamume mwingine.

Askari wenyewe hawakukaa kimya, lakini kila kundi lilisema lake. Chama cha kwanza kilianzia Blackburn mwaka 1916, kikiwa karibu na vyama vya wafanyakazi. Mwaka uliofuata kikazuka cha pili, kikisaidiwa na wabunge wa chama cha Liberal, kisha cha tatu, ambacho wahafidhina walikiunga mkono kwa kuwa hivyo viwili vya mwanzo viliwatia hofu. Maofisa nao wakaanzisha chao. Vyama vinne, kila kimoja na beji yake, vikigombea wanachama walewale na wafadhili walewale.

Kati ya waliowasukuma waungane alikuwa Douglas Haig, aliyeongoza majeshi ya Uingereza huko Ufaransa. Haig si mtu rahisi kumwandika. Wapo waliomlaumu hadi kaburini kwa vijana waliokwisha katika mapigano ya Somme. Hata hivyo, katika jambo hili alisimama imara: alitaka ofisa na askari wa kawaida wawe chini ya paa moja. Jumapili ya tarehe 15 Mei 1921 wajumbe wa vyama vyote vinne walikwenda kwenye mnara wa kumbukumbu wa Whitehall, London, wakaweka mashada, na chama kimoja kikazaliwa: British Legion. Haig akawa rais. Uenyekiti akapewa Thomas Lister, aliyekuwa askari wa mizinga asiye na cheo kikubwa.

Chama kilipata jina na viongozi. Fedha hakikuwa nazo. Miezi michache baadaye akatokea mwanamke Mfaransa, Anna Guérin, na maua ya popi ya kitambaa yaliyotengenezwa na wajane na watoto wa maeneo ya Ufaransa yaliyoharibiwa na vita. Alipendekeza yauzwe siku ya ukumbusho. Viongozi walimtilia shaka, wakatuma mtu Ufaransa akachunguze habari zake kabla ya kukubali. Tarehe 11 Novemba 1921 maua hayo yalinunuliwa hadi yakaisha, na zikapatikana zaidi ya pauni 106,000.

Hapo likaja swali la haki kabisa: kwa nini maua hayo yasitengenezwe na walemavu wa vita wa Uingereza wenyewe? Meja George Howson, mhandisi, alipewa pauni 2,000 ajaribu. Aliwaandikia wazazi wake kwamba haoni kama jambo lenyewe litafanikiwa sana, ila linafaa kujaribiwa. Mwaka 1922 alianza na watu watano katika karakana karibu na Old Kent Road. Alilibuni ua upya: vipande vichache tu, ambavyo mtu aliyebaki na mkono mmoja angeweza kuviunganisha mwenyewe bila kifaa chochote. Katikati palikuwa na kitufe cheusi. Kazi ikakua, na mwaka 1925 ikapatikana sehemu kubwa zaidi huko Richmond, kwenye kiwanda cha zamani cha bia, na nyumba za wafanyakazi na familia zao zikajengwa jirani. Kwangu mimi, Howson aliona mbali kuliko majenerali. Hakumpa mlemavu sadaka ya mara moja. Alimpa mshahara wa kila wiki na mlango wa kufunga usiku.

Hisani hiyo, hata hivyo, ilikuwa na mipaka yake. Mwaka uleule wa 1921, mjini Cape Town, Haig na Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini, walianzisha shirikisho la vyama vya wanajeshi wastaafu wa dola nzima. Lakini katika vita hivyo Afrika Mashariki ilikuwa imetoa wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Nchini Kenya, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia wanajeshi wastaafu mashamba ya nyanda za juu, na waliogawiwa walikuwa wazungu. Mwafrika aliyebeba risasi hadi mto Rufiji hakupewa shamba. Alijengewa sanamu mwaka 1927.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hadithi ilijirudia: kiinua mgongo cha askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, kilipangwa kwa rangi ya ngozi, na mwenzake mzungu wa cheo kilekile alilipwa zaidi mara kadhaa. Shirikisho lililoanzia Cape Town liliendelea kuwapelekea wazee hao msaada mdogomdogo. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 12 kwa ajili ya maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Aliyeandikishwa mwaka 1945 akiwa na miaka 18 alikuwa sasa ana miaka 91.