Mafao ya ulemavu kwa watumishi wa umma (Tanzania)

Mafao ya ulemavu kwa watumishi wa umma ni malipo anayopewa mtumishi wa serikali aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi, wote au sehemu yake, kabla ya kufikia umri wa kustaafu. Tanzania Bara malipo hayo hutoka katika mifuko miwili tofauti: Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mfuko unaohusika hutegemea chanzo cha ulemavu. Zanzibar ina sheria zake na mfuko wake, ZSSF.

Historia

Bima ya ulemavu iliyoendeshwa na dola ilianzishwa Ujerumani mwaka 1889, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikijitwalia Tanganyika. Mwaka 1952 Shirika la Kazi Duniani liliweka ulemavu kati ya matawi tisa ya hifadhi ya jamii katika Mkataba Na. 102.

Kwa miaka mingi watumishi wa serikali nchini Tanzania hawakukatwa chochote kwa ajili ya pensheni. Hazina ndiyo iliyolipa. Hali ilibadilika Julai 1999 ulipoanza Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma (PSPF). Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo.

Ulemavu usiotokana na kazi

Mtumishi anayepata kiharusi nyumbani, au anayepofuka kwa maradhi, huhudumiwa na PSSSF. Mchango wa mfuko huu ni asilimia 20 ya mshahara: mtumishi hukatwa 5 na mwajiri huongeza 15. Mtumishi hawezi kujiamulia kwamba amekuwa mlemavu, wala barua ya daktari mmoja wa zahanati haitoshi. Jopo la madaktari humchunguza na kutoa maoni, ndipo mwajiri humstaafisha kwa sababu ya ugonjwa na mfuko hukokotoa mafao kwa kufuata michango aliyokwisha kuweka. Kwa hiyo aliyeugua mapema katika utumishi hupata kidogo kuliko aliyeugua karibu na miaka 60, ingawa mara nyingi ndiye mwenye watoto wadogo. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mpango wowote unaotegemea michango.

Ulemavu uliotokana na kazi

WCF uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, na kwa sekta ya umma ni asilimia 0.5 ya mishahara. Mtumishi hakatwi hata senti.

Aliyeumia kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, madaktari huupima kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 800,000 aliyepoteza uwezo wote hustahili asilimia 70, yaani 560,000 kwa mwezi, na aliyepimwa asilimia 50 hustahili nusu ya hiyo, 280,000, mradi kiwango cha juu kilichowekwa hakizidishwi. Mfuko pia hugharimia matibabu, utengamao na malipo ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza.

Suala la chanzo

Tofauti ya mifuko hii huonekana wazi vijijini. Katika kata ya Mnyambe, wilayani Newala, watumishi wengi ni walimu, wauguzi na maafisa ugani, na usafiri wao mkubwa ni pikipiki. Mwalimu aliyetumwa Newala mjini kuchukua mitihani, akaanguka na kuvunjika mguu, ameumia kazini. Mwalimu huyohuyo akianguka Jumamosi akienda kwenye shamba lake la mikorosho, WCF haimhusu. Mguu ni uleule na barabara ni ileile. Ndiyo maana maandishi ni muhimu: ruhusa ya safari, kitabu cha mahudhurio, fomu ya polisi na karatasi za hospitali ya kwanza kumpokea, hata kama baadaye alihamishiwa Mkomaindo, Ndanda au Mtwara.

Mtumishi anapaswa kumwarifu mwajiri mapema, na mwajiri kuuarifu mfuko. Ajali isiyoripotiwa ndani ya miezi 12 inaweza kumpotezea haki. Mkuu wa shule anayeahirisha kuandika taarifa kwa kudhani jeraha ni dogo anaweza kumdhuru mwenzake bila kukusudia.

Kinga nyingine

Mikopo ya benki kwa watumishi kwa kawaida huambatana na bima inayolipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Familia nyingi huikumbuka kwenye kifo tu, na mlemavu huendelea kukatwa deni ambalo bima ingelilipa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwa upande wake, humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Hivyo ulemavu si lazima umalize ajira. Mwalimu aliyepoteza mguu bado anaweza kufundisha, darasa likifikika.