Shabaha ya Liuli

Historia ya mashindano ya bunduki huandikwa na Wazungu kuhusu Wazungu. Jina linalotajwa sana ni la Oscar Swahn wa Sweden. Katika Olimpiki ya London mwaka 1908, akiwa na miaka 60, alitwaa dhahabu kwa kupiga sanamu ya kulungu inayokimbia, umbali wa mita 100. Stockholm mwaka 1912 akashinda tena na timu yake, na mwaka 1920, akiwa na 72, akapata medali ya fedha mjini Antwerp.

Ungoni na ufuko wa Ziwa Nyasa miaka hiyo hapakuwa mahali pa kumlea mtu wa namna hiyo. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa kwa risasi na njaa. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, na bunduki mkononi mwa Mwafrika asiye askari ilikuwa dalili ya uasi. Mwenye kipaji cha kulenga alikuwa na kiwanja kimoja tu: jeshi la mkoloni.

Hata hivyo, shabaha mashuhuri ya ziwa hilo ililengwa Liuli, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuundwa. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake kubwa. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza Ulaya.

Tarehe 13 Agosti ikatokea Gwendolen, meli ya Waingereza, chini ya Kapteni Rhoades. Huyu alilijua ziwa kuliko wengi: alishiriki kulipima na kulichora, na alikusanya samaki hata mmoja wao akapewa jina la kisayansi la rhoadesii. Tena alikuwa rafiki wa Berndt, mwenzake wa kunywa. Aliamuru mzinga upigwe kutoka yapata mita 1,800, na Wissmann ikapatwa. Berndt akapanda kimashua, akapiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akatekwa.

London walishangilia ushindi wa majini, na masimulizi yao yalipenda kusema kombora moja lilitosha. Mimi sioni ajabu ya shabaha hapo. Umbali ulikuwa mrefu, sawa, lakini kilicholengwa kilikuwa meli nzima, imetulia juu ya magogo, na hakuna aliyejibu. Kulungu wa Swahn angalau alikuwa anakimbia.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha walevi wawili, na hapo ndipo kinapopotosha. Vita hivyohivyo viliwakokota maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, wengi wakafa kwa maradhi na njaa bila kumwona adui wa kumlenga.

Kama kipimo cha mpiga shabaha ni matokeo, kombora la Rhoades halikumaliza kazi. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walilazimika kurudi Liuli, wakashusha askari na kuiharibu Wissmann kwa baruti. Hata hivyo haikufa: baadaye waliitengeneza wao wenyewe, wakaipa jina la King George V, ikaendelea kukata maji ya Nyasa.