Hukumu ya Viongozi wa Kilimanjaro na Meru, 1900: Haki au Siasa?

Kila mara kiongozi wa siasa anapofikishwa mahakamani watu hugawanyika makundi mawili. Wamoja husema sheria imefuata mkondo wake. Wengine husema ameshtakiwa kwa sababu anaogopwa. Mjadala huo husikika hata hapa Sekei, na mara nyingi huisha kama ulivyoanza, kwa kuwa kila upande umekwisha kuamua kabla ya kusikia ushahidi. Katika makala hii tunakusudia kuuangalia mjadala huo kwa njia ya historia, tukianzia na kesi iliyowagusa wenyeji wa mlima huu.

Sekei ni mahali panapofaa kwa fikra hizo. Upande wa mashariki barabara ya Moshi yaelekea Akeri, walikouawa wamisionari wawili mwaka 1896. Upande wa magharibi, mwendo mfupi kwa miguu, ipo Boma ya Wajerumani iliyokamilika mwaka 1900. Karibu na Boma hiyo kipo Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, ambamo Umoja wa Mataifa uliwahukumu viongozi wa Rwanda. Tutavipitia vituo hivyo kwa zamu.

Yaliyotokea

Mnamo Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig, walifika Akeri wakitaka kuanzisha kazi kati ya Wameru. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani huko Moshi, alikuwa amepiga kambi si mbali nao. Usiku wapiganaji wa Meru na Arusha walishambulia, na wamisionari wale wakauawa. Johannes alirudi na askari wake pamoja na wapiganaji wengi wa Kichagga. Nyumba na migomba ziliteketezwa, na ng'ombe wakatekwa.

Zaidi ya miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Machi 1900, viongozi 19 walinyongwa huko Old Moshi. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru, pamoja na viongozi wa Waarusha. Shtaka lao halikuwa mauaji ya Akeri. Walishtakiwa kula njama ya kuwashambulia Wajerumani kwa pamoja.

Je, shtaka lilikuwa na msingi?

Tuanze na upande wa mashtaka, maana haki yadai kwamba hata yeye tusiyempenda asikilizwe. Haikuwa jambo la ajabu kudhani kwamba viongozi hao walitaka kupigana. Mwezi Juni 1892 watu wa Meli walilishinda jeshi la Wajerumani, na mkuu wake, von Bülow, akauawa. Ilibidi Gavana von Schele aje mwenyewe mwaka 1893 ili kumshinda Meli. Wameru na Waarusha nao walikuwa wameshika silaha mwaka 1896. Waliopokonywa mifugo na kulazimishwa kufanya kazi za Boma walikuwa na kila sababu ya kutafuta nafasi nyingine.

Lakini sababu ya kutenda si ushahidi wa kutenda. Hapa hatuna budi kuuliza maswali matatu. Kwanza, nani alikuwa hakimu? Johannes aliyeiteketeza nchi ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya kesi. Mshindi, mshtaki na mwamuzi walikuwa upande mmoja. Pili, habari za njama zilitoka wapi? Mapokeo ya wenyeji na waandishi wa historia ya Wachagga humtaja Mangi Marealle wa Marangu, rafiki wa Wajerumani na mshindani wa Meli, kuwa ndiye aliyewachongea wenzake. Tatu, nani alifaidika? Wapinzani wakubwa wa Marealle waliondolewa kwa siku moja, na utawala wa kigeni ukapata nafasi ya kuweka viongozi wenye kutii.

Wasomaji wetu watakumbuka shamba la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Kesi ile haikukosa taratibu: wazee waliketi, mashahidi wawili wakasimama, hukumu ikatolewa. Kilichokosekana ni ukweli, kwa kuwa mke wa yule aliyelitaka shamba ndiye aliyeiandaa kesi.

Ugumu wa kuwatetea

Hata hivyo, wanaowatetea marehemu hao nao wana kazi ngumu. Wengi wetu tungependa kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba walikuwa mashujaa waliopanga kuikomboa nchi, na kwamba walisingiziwa. Hayo mawili hayakai pamoja kwa urahisi. Kama njama ilikuwapo, ushujaa wao ni wa kweli, lakini shtaka nalo lilikuwa na msingi kwa sheria ya watawala. Kama njama haikuwapo, basi walikufa bila hatia, na sifa ya kupanga vita ile haiwahusu.

Tunaona kwamba kosa limo katika kuyafanya maswali mawili kuwa moja. Swali la kwanza ni kama mshtakiwa alitenda. Swali la pili ni kama mshtaki alisukumwa na siasa. Jibu la swali moja halitoi jibu la lingine. Huenda Lobulu na wenzake walikuwa wamekwisha kuzungumza juu ya vita, na bado kesi yao ikawa hila ya kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kesi za Rwanda

Jambo hilo hudhihirika zaidi tukitazama kesi zilizosikilizwa mjini mwetu karibu karne moja baadaye. Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda mnamo Novemba 1994, na makao yake yakawa Arusha. Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa mauaji ya kimbari, alikamatwa Nairobi Julai 1997. Alikiri makosa Mei 1998, na Septemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye alidai kwamba hakukiri kwa hiari, na rufani yake ikakataliwa mwaka 2000.

Mahakama hiyo, iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, iliwashtaki watu 93. Hakuna hata mmoja aliyetoka katika jeshi la RPF lililoshinda vita, ingawa lilituhumiwa kuua raia. Waliosema kwamba siasa ilichagua nani ashtakiwe walikuwa na hoja. Lakini hoja hiyo haikuyafuta mauaji, wala haikumfanya Kambanda kuwa mtu asiye na hatia. Aidha, washtakiwa walikuwa na mawakili, mashahidi walihojiwa, rufani zilisikilizwa, na watu 14 waliachiwa huru. Huko Old Moshi hayakuwapo mambo hayo.

Hitimisho

Kwa hiyo, kiongozi anaposhtakiwa tusiulize tu kama tunampenda. Tuulize kama hakimu ni mtu mbali na mshtaki, kama mshtakiwa amewasikia na kuwahoji mashahidi wake, na kama mahakama yaweza kumwachia bila kuogopa. Pasipo hayo, hata mwenye hatia amedhulumiwa. Palipo na hayo, kilio cha siasa peke yake hakitoshi kumwondolea mtu hatia.

Kanisa letu nalo lina deni. Misheni ya Nkoaranga ilianza mwaka 1902, miaka miwili tu baada ya watu wa Meru kumpoteza Mangi wao. Ovir na Segebrock twawakumbuka kwa majina, na ni vema. Walionyongwa Old Moshi wamekumbukwa zaidi na jamaa zao. Wazao wa Meli wametafuta kwa miaka mingi kichwa chake, ambacho husemwa kilipelekwa Ujerumani. Mnamo Septemba 2023 ilitangazwa mjini Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka kwetu. Moja ni la Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo. Kwa jamaa hizo, kesi ya mwaka 1900 haijafungwa.