Kijana Anapotoka Kituoni: Namna ya Kupima Hesabu na Uongozi wa Taasisi Kabla ya Kuipa Sadaka





Familia nyingi za Unguja na Pemba hutoa sadaka kwa vituo vya mayatima vilivyo Tanzania Bara, na baadhi ya vituo hivyo viko mbali sana. Chukua mfano wa Kumsenga, upande wa Kibondo katika nyanda za juu za Kigoma. Kutoka huko hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na bado kuna bahari ya kuvuka. Mtoaji hatafika kila mwaka kutazama. Atategemea karatasi na ushahidi wa watu. Makala haya yanaeleza karatasi zipi aziombe na namna ya kuzisoma, hasa pale taasisi inaposema inawasaidia vijana waliomaliza umri wa kulelewa kituoni.

Kwa nini vijana hawa wawe na hesabu yao

Katika fiqhi, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na akishabaleghe jina hilo linamwondokea. Katika sheria za nchi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Bara na Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 si yatima kwa fiqhi wala mtoto kwa sheria. Lakini asubuhi anayotoka kituoni bado hana pa kulala, hana kazi, na pengine hana hata cheti cha kuzaliwa. Wachangiaji huguswa zaidi na picha ya mtoto mdogo kuliko kijana mwenye ndevu, hivyo fungu lake ndilo hukauka mwanzo.

Qur-aan imeweka utaratibu kamili wa wakati huu katika Surat An-Nisaa, aya ya 6. Maana yake kwa ufupi: mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa; wakionekana kuwa na busara ya kutunza mali wakabidhiwe mali zao; mlezi asiile kwa israfu wala kwa kuharakia kabla hawajakua; aliye tajiri ajizuie, na aliye maskini ale kwa kadiri ya ada; na wakati wa kukabidhi wawepo mashahidi. Kwa hiyo taasisi ya vijana wanaotoka malezini ipimwe kwa mambo hayo: inawaandaa vipi, inawakabidhi nini, nani anashuhudia, na viongozi wake wanajilipa kiasi gani.

Kwanza: usajili

Uliza taasisi imesajiliwa chini ya sheria ipi. Bara, mashirika mengi yamo chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na Msajili ana wasaidizi mikoani na wilayani. Taasisi nyingine za dini zimesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, na wadhamini wao huandikishwa RITA. Omba nakala ya cheti, kisha hakikisha jina lililo kwenye cheti ndilo lililo kwenye akaunti ya benki.

Kama taasisi inalaza watoto, cheti cha usajili hakitoshi. Makao ya watoto yanahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Afisa ustawi wa jamii katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo anapaswa kulijua kituo lililo wilayani mwake, na kumpigia simu ni haki ya mtoaji.

Kibondo ina jambo lake la pekee. Kambi ya wakimbizi ya Nduta iliwekwa wilayani humo, na ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu. Taasisi ikisema inalea watoto waliotoka kambini, iulizwe kibali. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, na mtoto asiye na wazazi ana utaratibu wake wa kutafutiwa ndugu.

Pili: hesabu

Omba taarifa za mapato na matumizi za miaka mitatu, pamoja na ripoti ya mkaguzi kama ipo. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika kuweka hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20, kwa hiyo kuuliza si kuvunja heshima ya mtu.

Ukizipata, usiishie kwenye jumla. Tazama kama kila fungu lina mstari wake. Huu hapa ni mfano wa kufikirika wa mwaka wa kwanza wa taasisi:

Mapato: zaka 20,000,000, sadaka ya ufundi wa vijana wanaotoka 12,000,000, sadaka ya jumla 16,000,000. Jumla 48,000,000.

Matumizi: zaka 20,000,000, ufundi 5,000,000, chakula, mishahara na ofisi 16,000,000. Jumla 41,000,000.

Salio ni 7,000,000, na zote ni za vijana wa ufundi, kwa sababu kwenye fungu lao ziliingia 12,000,000 zikatoka 5,000,000. Taasisi haina hata shilingi moja ya kujiamulia. Sasa omba taarifa ya benki ya siku ya mwisho wa mwaka. Ikionyesha 3,000,000, basi 4,000,000 za vijana zimetumika kwingine, hata kama kila risiti ipo na hakuna aliyetia pesa mfukoni. Mambo mengi huharibika kwa njia hii: mishahara imechelewa, fungu la ufundi likaazimwa, halikurudishwa, na kijana akaambiwa asubiri muhula ujao.

Pesa iliyotolewa kwa kusudi maalumu ni amana ya kusudi hilo. Viongozi wakitaka kuibadilisha, warudi kwa mtoaji wamuombe idhini kwa maandishi.

Tatu: zaka na sadaka zisichanganywe

Wanaostahiki zaka wametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Kijana aliyetoka kituoni hupewa kwa ufakiri au umaskini wake, si kwa uyatima wake wa zamani. Katika madhehebu ya Shafi, fundi asiye na zana hupewa cha kununulia zana za kazi yake, kama alivyoeleza Imam An-Nawawi katika Al-Majmuu. Kwa hiyo cherehani au sanduku la vifaa vya useremala kwa kijana aliyemaliza VETA ni njia inayofahamika. Lakini zaka lazima imilikishwe mtu. Cherehani ikibaki mali ya kituo, kijana hakupewa zaka, na kujenga bweni kwa fedha za zaka hakukubaliki katika madhehebu hayo.

Kuna na suala la kuhamisha zaka. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji wa mali iwapo wenye kustahiki wapo hapo, na wapo wanazuoni walioruhusu kwa haja. Anayetaka kupeleka zaka yake Kigoma amuulize kwanza mwanachuoni wake. Sadaka haina kizuizi hicho.

Nne: uongozi

Omba majina ya wajumbe wa bodi na uhusiano wao. Mwenyekiti akiwa mume, mweka hazina mke na katibu mtoto wao, hakuna wa kumkagua mwenziwe. Uliza bodi ilikutana lini mara ya mwisho na kama kuna muhtasari wa kikao. Uliza ni wangapi wanaotia saini hundi. Michango ikiingia kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, omba namba ya taasisi kabla ya kutuma.

Uliza pia zawadi anazopewa kiongozi huingia wapi. Mtume (S.A.W.) alimkemea mkusanyaji wa zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliyetenga sehemu akisema hii nimezawadiwa mimi, kisa hicho kimo katika Bukhari na Muslim. Zawadi inayoletwa kwa ajili ya cheo iandikwe kwenye daftari la taasisi.

Tano: siku ya makabidhiano

Omba orodha ya vijana waliotoka katika miaka mitatu, bila majina: wangapi, walikwenda wapi, walikabidhiwa nini, na wako wapi sasa. Taasisi inayojua idadi ya watoto waliomo lakini haijui waliotoka wako wapi haijamaliza kazi yake.

Huko Kumsenga, kama katika vijiji vingi vya wakulima, mali ya yatima aghalabu ni shamba la marehemu baba yake. Uliza kama kituo kiliandika urithi wa mtoto tangu alipoingia, kama serikali ya kijiji inalijua shamba hilo, na kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtoto aliyeingia na haki ya ekari mbili akatoka na begi la nguo amedhulumiwa, hata kama alishiba kila siku. Makabidhiano yaandikwe na yashuhudiwe na watu wasio wa kituo, akiwemo ndugu wa kijana na kiongozi wa kijiji au wa msikiti.

Karatasi zikikosekana

Kukosekana kwa karatasi si ushahidi wa wizi. Kikundi kidogo cha kijijini huweza kuwa na watu waaminifu wasiojua kuandika hesabu. Anza na kiasi kidogo kwa kusudi moja lililoandikwa, kwa mfano ada ya muhula mmoja ya kijana mmoja, ulipe chuoni moja kwa moja na uombe stakabadhi. Usidai picha za watoto kama ushahidi, maana heshima yao nayo ni amana.

Lakini taasisi kubwa inayokataa kuonyesha hesabu, au inayobadilisha majibu, usiipe mpaka ionyeshe. Ukiwa na shaka nzito, ipeleke kwa Msajili au kwa afisa ustawi wa jamii, usiitangaze mitaani wala kwenye makundi ya simu. Ukikosea utakuwa umevunja heshima ya mtu, na ukipatia, mwenye makosa atapata muda wa kujificha.

Anayejiridhisha kabla ya kutoa hapunguzi thawabu zake, na kijana anayesubiri fungu lake ana haki lifike.

Wallahu a'lam.